Gwaride la Sabuni

Mjukuu wangu amerudi kutoka semina ya kiwanda anachofanyia kazi, akiwa na daftari jipya na maarifa mapya. Ameniarifu kwamba siku hizi kuna elimu, inayofundishwa na watu wenye shahada, ya jinsi kiwanda kinavyoweza kupata faida kwa kuondoa hasara: muda unaopotea, bidhaa zinazolala bila kuuzwa, watu wanaokaa bila kazi. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa mtoto aliyelazwa hotelini siku tatu ili ajifunze kutopoteza anastahili kusikilizwa. Kisha nimemwamuru afungue ukurasa mtupu na aandike ninayosema, asiongeze neno wala asinipambie. Mimi, bibi yake, sikuingia darasani hata siku moja. Lakini hasara nimeishuhudia ikiondolewa kwa macho yangu, na aliyeiondoa alikuwa na bastola kiunoni.

Nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, chini ya mlima wetu wa Kibuli, upande wa reli. Nilishuka kwa miguu asubuhi na kupanda kwa miguu jioni, nikinuka mafuta ya pamba kiasi kwamba mbuzi wa jirani walinifuata. Kazi yangu ilikuwa kuonja. Sabuni hupikwa kwa mafuta na kostiki, ile dawa nyeupe iunguzayo. Vikipikwa sawasawa, ukali wa kostiki huisha ndani ya mafuta, na visipopikwa sawasawa, ukali hubaki na kumla mtumiaji ngozi. Hapakuwa na mashine ya kupima jambo hilo. Palikuwa na ulimi wangu. Nilichota kidogo kwa upawa, nikapoza, nikagusisha ncha ya ulimi. Ikiniuma kama sisimizi, moto uliendelea. Ikitulia, tulimimina. Mwezi wa Ramadhani nilimwuliza sheikh kama kuonja kunaharibu saumu. Alisema nikitema na kusukutua hakuna ubaya, kisha akaniuliza kwa upole kama sabuni huwa inanitamanisha.

Aliyenifundisha kuonja alikuwa mpishi mkuu wa sabuni, mzee kutoka Kenya, Mkristo, mtu wa maneno machache na mabaya. Alikaa juu ya kigoda kando ya sufuria kubwa ya chuma, mikono juu ya magoti, akitazama mapovu. Mtu asiyejua angedhani amelala macho wazi. Akiinua kidole kimoja, tulitia chumvi. Akiinua viwili, tulipunguza kuni. Ikipita siku nzima bila kidole kuinuka, siku hiyo sabuni ilikuwa nzuri sana.

Mwenye kiwanda alikuwa Mhindi, na kuhusu hasara hakuhitaji semina. Mabaki ya kukata miche yalirudi kwenye sufuria. Maji ya kuoshea sufuria yalitumika kuanza upishi wa kesho. Langoni alichimbia kipande cha panga, makali juu, na kila mfanyakazi aliyetoka alikwangua nyayo za viatu vyake hapo, ili sabuni iliyonata chini isiende nyumbani bila ruhusa. Makwanguo hayo nayo yalirudi kwenye sufuria. Nisidhaniwe ninamsifu, alikuwa bahili ambaye angekwangua na nyayo zetu zenyewe kama zingetoa povu. Kisha Wahindi wakapewa siku tisini za kuondoka nchini. Siku yake ya mwisho alitoka na sanduku moja, akafika langoni, akasimama, akakwangua viatu vyake, kushoto na kulia, akaenda zake. Alikuwa ameshapokonywa kiwanda, lakini hakutaka kukiibia.

Kiwanda kikagawiwa afisa wa jeshi. Wakati ule watu wa namna yake waliitwa mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla, na yeye jina hilo lilimpendeza. Alikuja asubuhi moja na fimbo ya kutembelea ambayo haikumsaidia kutembea, akatangaza kwamba amekuja kupigana vita na hasara. Tukampigia makofi. Wakati ule tulipiga makofi kwanza, maana tukaitafuta baadaye.

Hasara ya kwanza aliyoiona ilikuwa juu ya kigoda.

"Hii mzee nafanya nini?" aliniuliza.

"Anapika, Afande."

"Napika na nini? Mikono iko kwa magoti."

"Anapika kwa macho."

Afande akamgeukia mzee. "Wewe. Simama, fanya kazi."

Mzee hakuondoa macho yake kwenye mapovu. "Afande, tangu uingie umesimama tu, na sisi tunasema unakagua. Mimi nimekaa, ninakagua sufuria. Tofauti yetu ni kigoda."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa na akili. Mzee akafukuzwa kabla povu halijapanda, na kwa kuwa upawa ulikuwa mkononi mwangu wakati huo, nikateuliwa kuwa mpishi mkuu. Hivyo ndivyo vyeo vilivyopatikana miaka ile. Wengine walipewa wizara kwa sababu zisizozidi upawa.

Hasara ya pili ilikuwa vichanja. Sabuni ikishakatwa hupangwa juu ya vichanja vya mbao, mahali penye upepo, ikauke kwa wiki mbili. Ndani ya wiki hizo hupoteza maji, hukaza, na ule ukali uliosalia huendelea kwisha wenyewe. Afande alitembea kati ya vichanja akigonga miche kwa fimbo.

"Hii yote nalala?"

"Inakauka, Afande."

"Wiki mbili nalala! Kwa jeshi, mtu akilala zamu nafungwa."

Akaamuru miche iuzwe siku inayokatwa, na vichanja vikavunjwa vikawa kuni za kupikia. Alijisifu kwamba kwa amri moja ameua hasara mbili. Ilikuwa kweli, na sabuni nayo ilihesabiwa miongoni mwa waliokufa.

Mabaki ya kukata hayakumponyoka pia. Alisema kukata sabuni kisha kuirudisha kwenye sufuria ni kufanya kazi mara mbili, na mtu mwenye akili hufanya mara moja. Mabaki yakawa yanamwagwa uani, yakawa kilima. Mvua ya kwanza iliponyesha, ua wote ulitoa povu mpaka magotini, zuri, jeupe, na gari la Afande liliteleza kutoka langoni mpaka kwenye ukuta wa choo bila kuhitaji petroli. Hilo tulilitazama kwa heshima kubwa.

Sikatai kwamba faida ilipatikana mwanzoni. Mche mbichi ni mzito, na unatoka upesi. Isitoshe, mjini sabuni ilikuwa imeadimika. Watu walikuwa wakifulia majani ya mpapai, na wachuuzi wa soko la Kikuubo walipanga foleni langoni wakinunua chochote kilichokuwa na umbo la mche. Katika hali kama hiyo hata mjinga huonekana mfanyabiashara. Afande alionekana hivyo kwa muda wa miezi miwili.

Kisha akaja mwanamke mmoja, mwuza samaki kutoka Ggaba, kando ya ziwa, amebeba kitu ndani ya jani la mgomba. Alikifungua mbele yangu. Ulikuwa mche wetu, umejikunja kama ndizi na kupungua nusu.

"Nnyabo," alisema, akiniita bibie kwa Kiganda, "sabuni yenu inafunga saumu?"

"Kwa nini?"

"Nimeiweka dirishani siku sita. Tazama ilivyokonda. Imekonda kuliko mume wangu, na mume wangu angalau nilimnyima chakula."

"Irudishe kwa aliyekuuzia."

"Aliyeniuzia ana foleni. Wewe huna." Akanipa mikono yake niione. Vidole vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye viungo. "Miaka kumi ninakwangua magamba, ninachomwa na miba ya sato kila siku. Haijawahi kunifanya hivi. Mnapika na nini humo, nnyabo, na pilipili?"

Kuni zilikuwa zimeanza kuhesabiwa, kwa kuwa Afande aligundua kwamba moto nao ni hasara, na upishi uliokuwa ukichukua siku nzima sasa ulikoma adhuhuri. Nilimpelekea malalamiko yale, nikiyapunguza makali.

"Hiyo mama nataka nini?"

"Sabuni inaisha upesi, Afande."

Akafurahi. "Sabuni naisha haraka, mama narudi haraka. Wewe hapana soma, wewe hapana elewa biashara."

Nilikubali kwamba sikusoma.

Basi ikaja oda ya kambi. Wakubwa wake walitaka sabuni ya askari, lori zima, na Afande aliona cheo chake kikipanda pamoja na povu. Tukapika siku tatu mfululizo, moto ukizimwa kila adhuhuri. Siku ya tatu jioni nilionja, na ulimi wangu ukaruka nyuma kama umekanyaga kaa la moto. Ilikuwa mbichi kabisa. Mwuza samaki alikuwa amepasuka vidole. Askari ambaye angeogea sabuni ile angepasuka mahali ambapo hata daktari angeona haya kupatazama.

Nikamwambia, "Afande, hii bado ni mbichi. Itawaunguza."

"Kesho lori nakuja."

"Itawaunguza askari."

Alipiga buti lake kwa fimbo mara mbili tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Kama askari nalalamika, mpishi iko nani?"

"Mimi, Afande."

"Basi."

Nilielewa vizuri. Redio ilikuwa ikitangaza kila siku habari za wahujumu wa uchumi, na watu walikuwa wakikaribishwa ndani ya magari ambayo hayakuwa na desturi ya kuwarudisha. Aliyepika sabuni ya kuwaunguza wanajeshi hangehitaji ushahidi mwingi. Nilikuwa na watoto wanne; wa mwisho ndiye aliyemzaa huyu anayeandika. Kutokwenda kazini siku iliyofuata kungekuwa kukiri kosa. Kwenda kungekuwa kulipeleka kosa lenyewe kwa miguu yangu.

Jioni hiyo nilipita kwa mzee mpishi, chumbani kwake karibu na reli. Nilimkuta akifunga mizigo kwa kamba ya katani. Nilimpa kipande cha sabuni. Akakigusisha ulimi, akatema mlangoni.

"Nani kapika hii?"

"Mimi."

"Nilikufundisha hivi?"

"Moto unazimwa adhuhuri, mzee."

"Basi isimame wiki mbili penye upepo. Kila mche usimame kwa kichwa, na kati ya mmoja na mwingine pawe na nafasi ya kidole. Itaiva yenyewe."

"Lori linakuja kesho."

"Mwambie aiamuru iive leo. Yeye ndiye mwenye cheo." Akaendelea kufunga kamba. Hakunikaribisha kukaa, wala sikukaa.

Asubuhi nilishuka mlima mapema. Njiani kulikuwa na uwanja ambamo kuruta walikuwa wakifunzwa. Walikuwa wamepangwa kwa safu, wamesimama juani, kidevu juu, na mbele yao mkubwa mmoja akipita taratibu akiwatazama. Nilisimama nikaangalia. Hawakuwa wakilima, hawakuwa wakibeba, hawakuwa wakipigana na adui yeyote. Walisimama tu. Serikali nzima iliwalisha, iliwavisha na iliwanunulia sabuni ili wasimame, na kati ya watu wote wa nchi ile hapakuwa na mmoja aliyewaita hasara.

Sikutembea tena, nilikimbia, nikiwa mtu mzima na khanga zangu. Kiwandani nilimwita mwenzangu, mwanamke Mganda aliyekuwa akifunga sabuni katika makasha, nikamwambia tuvunje makasha.

"Makasha ya lori, maama? Unataka kutuua?"

"Ninataka mbao."

"Umelamba kostiki nyingi."

Lakini alivunja. Tuliweka mbao juu ya matofali, bandani mwote, tukavuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, na tukaipanga miche yote kwa kufuata uzi, imesimama kwa kichwa, kidole kimoja kati ya mche na mche, safu kwa safu. Afande alipoingia, lori lilikuwa likinguruma langoni na sabuni yote ilikuwa imesimama ikimtazama.

"Nini hii?"

Nilisimama wima, upawa begani. "Gwaride, Afande. Sabuni ya jeshi iko tayari kukaguliwa."

Mwenzangu alijificha nyuma ya pipa la mafuta, na nilisikia meno yake. Afande alitazama safu ya kwanza, akatazama ya mwisho, akakodoa jicho moja kuona kama zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka. Pole pole fimbo yake ikahamia kwapani, mabega yake yakarudi nyuma, na akaanza kutembea kati ya safu kwa ile hatua ambayo hawaitumii kwenda popote. Nilimfuata nyuma kwa hatua mbili, kama nilivyoona uwanjani.

Katikati ya safu ya tatu akasimama. Mche mmoja ulikuwa umeinama.

"Huyu naye?"

"Kalewa, Afande."

"Kwa gwaride?"

"Tumfunge?"

"Nafunga wapi?"

"Ndani ya sufuria, Afande. Ayeyuke, akitoka atakuwa na adabu."

Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Tangu siku hiyo kila mche mbovu, kila kombo na kila kipande cha kukatia kilikamatwa na kurudishwa kifungoni, na uani hapakutupwa tena kitu. Mhindi angelia kwa furaha.

Lakini lori lilikuwa bado linanguruma. Nikajikaza nikasema, "Afande, mimi sikusoma. Kuruta husimama gwaride siku ngapi kabla ya kupewa bunduki?"

"Mingi. Miezi."

"Akipewa kabla?"

"Naua wenzake." Alisema bila kufikiri, kisha akafikiri. Niliona fikra ikimpitia usoni, polepole, kama mtu anayehamisha kabati. Akaitazama sabuni. Akanitazama mimi. "Hii nahitaji siku ngapi?"

"Hii akili yake ni fupi. Wiki mbili zinatosha."

Akatoka nje akamfukuza dereva wa lori kwa matusi, kisha akapiga simu kambini. Kwa masikio yangu nilimsikia akimweleza mkubwa wake kwamba sabuni bado iko mafunzo.

Siku zote hizo alikagua kila asubuhi. Alileta maafisa wenzake nao wakague. Walipita kati ya safu wakitikisa vichwa kwa uelewa. Nilitumia nafasi hiyo kumweleza kwamba sufuria nayo ni ghala la serikali na haina mlinzi, na mlinzi hawezi kuondoka kwenye lindo, wala kuzimiwa moto wake, kabla ya magharibi. Moto ukarudi kuwaka mchana kutwa. Nikaomba mzee aitwe alinde. Afande alikubali, kwa kuwa mlinzi hukodoa macho tu na hilo alilielewa, lakini nilipofika kwenye kile chumba karibu na reli nilikuta kimefagiliwa. Alikuwa amekwisha kupanda basi kurudi kwao. Alikuwa amefukuzwa kwa kukaa, na sasa cheo cha kukaa kimepatikana, mwenyewe hayupo. Nikakaa mimi juu ya kigoda. Afande alipopita alinipigia saluti.

Wiki mbili zilipotimia nilionja mche mmoja katika kila safu. Ulimi ulitulia. Lori likapakia likaenda, nami nikaanza kungoja. Ngozi ya askari mmoja tu ingetosha. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tano, wakati wa adhuhuri, gari la jeshi likasimama langoni, akashuka askari mrefu, akauliza kwa sauti, "Mama mpishi ya sabuni iko wapi?"

Wanaume wa kiwandani wakakumbuka kazi zilizokuwa upande wa nyuma. Mimi nilivua hereni zangu, za dhahabu, alizonipa mama yangu, nikamtilia mwenzangu mkononi. Nikamwambia nyumba yetu iko wapi, nyuma ya msikiti, na nani ashike watoto. Alizifumbata. Nikanawa mikono, nikajitanda khanga, nikatoka.

"Ni mimi," nikasema.

Askari akanitazama juu mpaka chini. "Wewe napika?"

"Ndiyo."

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Bibi yangu naosha mtoto na ile sabuni. Naona ni nzuri. Nasema kama iko mabaki, lete kidogo."

Nilirudi ndani. Mabaki hayakuwapo, yote yalikuwa kifungoni, kwa hiyo nilichukua miche miwili kutoka safu ya mbele iliyokwisha kukauka, gwaride likaachwa na pengo, nikampelekea. Akaificha ndani ya shati, akaondoka akinung'unika kwamba ni myepesi kidogo. Mwenzangu alikuwa bado amesimama palepale, ngumi imefungwa, jasho likimtiririka. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja ili nipate hereni zangu.

"Maama," aliniuliza, "nimwambie nini Afande akiona pengo?"

"Mwambie wamekwenda likizo."

Nikazivaa hereni, nikarudi kwenye sufuria, nikachota, nikapoza, nikaonja. Ilikuwa bado inauma.